Usipokuja Umekaa

Bunju, Jumapili, wiki ya mwisho ya Novemba. Mvua ya vuli imenyesha tangu alfajiri na sasa imetuachia matope. Huu ni mwaka wa arobaini na tatu tangu niondoke Machame, na wa tisa tangu nikanyage kule mara ya mwisho.

Nina hasira.

Naandika nimesimama, kompyuta ikiwa juu ya kabati la vyombo, kwa sababu nikikaa zaidi ya muda wa kunywa kikombe cha chai mguu wa kushoto unaanza. Tangu Ijumaa najiambia kwamba hasira hii ni ya mguu. Si ya mguu. Lakini nianze nao, maana wapo wasomaji wachache wa ukurasa huu walioniuliza naendeleaje, na wengine wana ugonjwa huu huu.

Maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita katikati ya tako, nyuma ya paja, pembeni mwa goti, mpaka kidole gumba cha mguu. Ni kama waya wa umeme uliochunika, na kuna mtu anaugusa anapojisikia. Ukiinama kuvaa soksi, unashtuliwa. Ukicheka, unashtuliwa. Nilikuwa mkutubi wa shule miaka mingi, nikabeba maboksi ya vitabu bila kulalamika, na sikujua kwamba mtu anaweza kukiogopa kikohozi chake mwenyewe.

Mwaka mzima nimezungushwa. Duka la dawa walinichoma sindano kwenye tako lile lile linalouma, nikapata nafuu ya siku mbili, nikarudi kuchomwa tena kama mjinga. Nikauziwa mkanda mpana wa kiuno ulionifanya nipumue kwa zamu. Mzee mwenzangu wa kanisani akanipeleka Vingunguti kwa mchuaji anayesifiwa mji mzima. Anatumia mafuta ya ng'ombe, ya moto, kutoka machinjioni pale pale. Alinilaza kifudifudi kwenye mkeka, akanipanda mgongoni kwa magoti, akasema mshipa umehama na yeye anaurudisha mahali pake. Nilipiga kelele mpaka waliokuwa wakisubiri nje wakaondoka. Nilirudi nyumbani nimelazwa kiti cha nyuma cha teksi, nanuka supu.

Halafu daktari mmoja, wa hospitali nisiyoitaja. Aliinua picha ya mgongo wangu kwenye mwanga, akasema pingili mbili zimesagika, nijiandae kwa kisu. Sikatai kwamba wapo wanaohitaji kisu. Kinachonikasirisha ni kwamba hakunigusa hata kwa kidole na hakuniuliza swali hata moja. Alizungumza na picha.

Niliyempata mwisho ni Sakina. Ana chumba kidogo Kinondoni, kazi yake ni mazoezi ya viungo. Ni Mhindi wa Khoja, babu yake aliuza vitambaa, na Kiswahili chake ni cha mjini kuliko changu. Alinisikiliza mpaka nikaona aibu kwa urefu wa maelezo yangu. Aligonga magoti kwa kinyundo, akaniambia nitembee kwa visigino, kisha kwa vidole. Nilipovua shati ili anichue, akacheka.

"Vaa shati lako mzee wangu. Mie sikukandi. Utajitibu mwenyewe, mie nitakusimamia."

Akanieleza kwamba neva imebanwa inapotoka kwenye uti wa mgongo, na mara nyingi hutulia yenyewe isipochokozwa. Akanionya kwamba mguu ukianza kulegea, au nikifa ganzi katikati ya mapaja, au nikishindwa kuzuia mkojo, nisimsubiri yeye, niende hospitali siku hiyo hiyo. Kisha akanifundisha kulala kifudifudi, kujiinua kwa viwiko, baadaye kwa mikono, taratibu, kiuno kikiwa kimetulia chini. Nisikae sana. Nisiiname. Nitembee kila siku. Na akasema jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia: maumivu yakianza kuhama kutoka kidoleni kwenda gotini, kutoka gotini kwenda kwenye paja, nisiogope hata kama kiuno kitauma zaidi kwa muda. Yanarudi kwao.

Na kweli yanarudi. Kidole kimenyamaza. Goti limenyamaza. Nikiri kwamba nilimkasirikia hata yeye, kwa kuwa rahisi hivyo baada ya mwaka mzima wa mateso.

Matembezi yangu ya kila siku ni mpaka makaburini. Mke wangu Paulina yupo pale. Si mbali, njia ni ya mchanga, na nikifika nasimama tu, maana kukaa siruhusiwi. Paulina angenicheka. Miaka yote alikuwa akinisihi nitoke kwenye kiti.

Sasa hasira yenyewe.

Tangu mwezi wa nane simu za ukoo hazikomi. Kaka yangu mkubwa, Eliapenda, amepata misukosuko: mwanawe kaachishwa kazi, ng'ombe wamekufa, yeye mwenyewe presha. Wazee wakakaa. Ni Walutheri safi, Jumapili wanaimba sauti nne, lakini wakakaa. Wakasema marehemu baba hajatulia kwa sababu kuna mtoto haonekani kwenye tambiko la Desemba. Na mguu wangu ukawa ushahidi. Baba ananivuta kwa mguu, walisema, nirudi nyumbani.

Neva yangu imebanwa na pingili ya mgongo, wao wanasema baba. Marehemu baba yangu, aliyekuwa akinibeba mabegani kwenda mnadani, leo wamemfanya mtu wa kunichoma nyaya.

Ijumaa akaja dada yangu mdogo, Aikande. Alitoka Machame kwa basi, kwa umri ule, na mkungu wa ndizi. Nilifurahi, nisiseme uongo. Alinikuta nakula nimesimama dirishani.

"Shikamoo kaka. Siku hizi unakula kama askari wa zamu?"

Tukacheka. Kisha akafungua gazeti lililolowa maji na kuweka mezani kichipukizi cha isale, jani moja likiwa limefungwa fundo.

Kwa asiye Mchaga: isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya mashamba na juu ya makaburi. Jani lake likifungwa fundo na kuletwa na aliyekukosea, huwezi kukataa kusamehe. Utakataa mbuzi, utakataa wazee kumi mlangoni, isale hukatai. Kwa hiyo sikuligusa. Nikaliacha pale mezani, katikati ya ndizi na chupa ya chai.

Aikande akatoa ujumbe. Nije Desemba, nishike kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, nimwagie kaburi la baba, mambo yatulie. Nikamjibu kwa utulivu kabisa kwamba Sakina amenikataza kukaa safari ndefu, na basi la Moshi ni la kutwa nzima. Nilijisikia salama nilipokuwa nasema hivyo.

Akasema mwana mwingine wa Eliapenda, aliye Arusha, atanikatia tiketi ya ndege. Ni saa moja tu, na hata hiyo naweza kusimama kwenye kijia.

Nikatafuta sababu nyingine. Sikuipata. Ndipo nikajua kwamba miezi yote hii nilikuwa nimejificha nyuma ya mguu wangu. Nilikuwa nauchukia na kuutumia papo hapo.

Aikande aliona nimekwama. Akacheka, akanigusa bega.

"Usipokuja umekaa, kaka, utakuja umelala."

Ni utani wetu. Kila Mchaga wa mjini anaujua. Sisi hatuzikwi kwenye mchanga wa pwani. Utaishi Dar miaka hamsini, utajenga, utaongea kama wao, lakini ukifa unawekwa kwenye gari na kupandishwa mlimani, na hakuna anayekuuliza. Sauti yake haikuwa na ubaya hata chembe.

"Na Paulina," nikasema, "atakuja amelala na nani?"

Aikande akaacha kucheka.

Miaka tisa iliyopita, Paulina alipofariki, nilimpigia simu Eliapenda kuomba nafasi ya kaburi. Paulina alikuwa Mluguru, lakini kwa miaka zaidi ya ishirini, kila Desemba alipanda nami Machame, akapika kwenye moshi ule, akajifunza kumsalimu mama kwa lugha yake. Eliapenda alinijibu kwa upole. Alisema kihamba, shamba la ukoo, ni chake yeye wa kwanza na cha mdogo wetu wa kiume wa mwisho. Mimi ni wa katikati. Wa katikati huenda kutafuta mbele. Asiye na kihamba hana pa kuchimba.

Kuhusu shamba sijawahi kulalamika. Ndiyo mila, nilizaliwa nikaikuta, na ndiyo iliyonileta mji huu nikiwa kijana. Lakini sikuwa naomba shamba. Niliomba futi sita za mwanamke aliyewapikia.

Nikamzika hapa Bunju. Waliokuja kutoka kwetu walikuwa watu wawili.

Na leo Eliapenda yule yule anasema nafasi yangu ipo, kando ya baba, imeshapimwa. Wa katikati amepata pa kuchimba, maana sasa wanamhitaji. Nafasi ni moja.

Haya yote nilimwambia Aikande kwa sauti ambayo majirani waliisikia, na katikati ya maneno nikaona nimekaa. Sijui nilikaa saa ngapi. Mguu ulikuwa unawaka mpaka goti tena.

Nikamuuliza, "Eliapenda ndiye aliyekupa isale hili?"

Akazungusha kikombe chake. "Kaka kanituma nikuambie uje. Basi. Isale nimelikata mie, pale mpakani."

"Wewe? Kwa kosa gani?"

"Siku ile anakujibu kwenye simu nilikuwa nimekaa ubavuni mwake. Nilisikia yote. Nikanyamaza." Akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Paulina alinifundisha kushona. Nikanyamaza, meku."

Meku ni mzee, kwa lugha yetu. Hajawahi kuniita hivyo. Kwake siku zote nimekuwa kaka tu.

Nilikuwa nimemjibu mtu mwingine. Hasira yote ya Eliapenda niliimwaga juu ya kichwa cha yule pekee aliyekuja kuomba.

Nikachukua isale.

Sikutaka. Nataka ieleweke hivyo. Mkono ulikwenda kwa sababu mila haikuacha njia nyingine, na moyo ukafuata nyuma, ukichechemea kama mguu wangu. Lakini ulifika. Aikande nimemsamehe. Eliapenda hajaleta kitu, kwa hiyo sina cha kupokea.

Leo baada ya ibada, mvua ilipopungua, tulitembea wote wawili mpaka kwa Paulina. Nilikwenda polepole, nikimwonyesha Aikande ninavyokanyaga, kama Sakina anavyotaka. Alikuwa amebeba kisu cha jikoni. Kuinama siwezi, kwa hiyo yeye ndiye aliyepiga magoti kwenye mchanga uliolowa na kuchimba.

Akauliza alipande wapi isale. Nikamwonyesha kwa fimbo, mbali kidogo na kaburi.

"Mbona mbali hivyo?"

"Acha nafasi ya mtu mmoja."

Akachimba pale nilipoonyesha, akashindilia mchanga kwa viganja, na jina la Paulina akaliita mara moja kwa lugha ya kwetu. Njiani akaniuliza atakwenda kumwambia nini Eliapenda. Nikamwambia amwambie mguu unapata nafuu. Akasema, "Hilo tu?" Nikasema hayo mengine nitayaandika.

Basi nayaandika. Neema, binti yangu, najua unasoma ukurasa huu hata usiponiambia. Wasome na binamu zako wa Machame wenye simu kubwa kuliko kazi. Naandika hadharani ili siku ile mtu asije akasimama mbele ya jeneza akasema mzee hakuacha neno, tumpandishe.

Hasira haijaisha. Nimelala kifudifudi mara mbili tangu turudi, nikajiinua kwa mikono, na maumivu yameanza tena kupanda kutoka gotini. Yaende. Yana kwao pa kurudi.

Mimi sirudi Machame. Sirudi nimekaa, na sirudi nimelala.