Ngazi ya Springi za Lori

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje huko kwenye kazi ya daraja? Sisi hatujambo. Bibi anakula vizuri, ila analalamika kwamba umemsahau.

Mwalimu wa sayansi ametupa kazi ya kuandika juu ya vyuma vya ujenzi. Unajua nilivyo na haya. Nilipita mbele ya karakana ya Fundi Miwani mara tatu ndipo nikaingia. Alicheka, akasema alidhani umenituma kumpeleleza.

Sikujua kwamba chuma kina mapishi! Kaboni ikiwa kidogo, chuma huwa laini, hukunjika na kuchomelewa bila taabu. Manganizi hukiongezea nguvu. Kromi ikiwa nyingi, kutu haikishiki. Kaboni ikizidi huwa kigumu sana, lakini ukikichomelea bila kukipasha moto kwanza, hupasuka kando ya mshono. Fundi hukitambua kwa cheche. Kwenye grinda, chuma laini kilitoa cheche ndefu zilizonyooka. Kipande cha springi ya lori kikatawanya vinyota tele, dalili ya kaboni nyingi. Nilisahau hata kuandika.

Ndipo nikakumbuka ngazi yetu ya kupandia chumbani kwa Bibi. Ulituambia umeishikiza ukutani kwa springi za lori, kwa kuwa hakuna chuma kigumu kuliko hicho. Niliporudi nililala chali chini yake na tochi. Kwenye mshono wa tatu kuna ufa mwembamba kama unywele.

Baba, nisamehe. Nyumbani sikumwambia mtu, maana Bibi huwaonyesha wageni wote ngazi aliyojengewa na mwanawe. Nilichukua kopo lako la rangi ya kijani nikaipaka, nikamwambia asipande mpaka ikauke. Kila asubuhi naipaka upya. Leo ni siku ya tano. Bibi analala kitandani kwangu, na ananitania kwamba ngazi hii inapambwa kuliko bibi harusi.

Fundi Miwani yuko tayari kuishikiza upya kwa chuma laini, ila hagusi kazi ya fundi mwenzake bila ruhusa yake. Kwa simu ningeshikwa na kigugumizi, ndiyo maana nampa barua hii dereva wa kokoto anayekuja huko leo. Tafadhali mpigie Fundi ukishaisoma.

Bibi anakusalimu sana. Rangi iliyobaki inatosha siku mbili.

Ni mimi mwanao,
mwenye vidole vya kijani