Rukia Yuko Malindi

Jumatatu, 3 Juni 1996
Nimetandika kitanda cha Rukia tena. Hakijalaliwa. Wiki ya pili sasa yuko Malindi kwa mamangu. Babake alimpeleka kwa sababu nilimzuia asiende shule siku kumi na moja. Niliona gari litamgonga. Niliona homa. Niliona kila baya. Mtoto wa miaka saba, na mimi ndiye niliyemfungia ndani. Aibu yangu hiyo.

Ijumaa, 7 Juni
Moyo wanidunda tangu alfajiri. Wifi yangu Zuhura amenikuta nimekaa chini jikoni. Hakusema nina majini, kama wasemavyo wengine. Alisema, "Vaa buibui, wifi. Twende kwa daktari."
Daktari wa mtaa wa Ganjoni, mama mtu mzima, amenisikiliza mpaka mwisho. Ugonjwa wa wasiwasi, amesema. Una dawa. Nimelia. Kidonge kimoja kila jioni, na kila Jumatano nirudi tuzungumze.

Jumatano, 12 Juni
Kinywa kikavu. Usingizi mchana. Wasiwasi uko palepale. Nafuu huchukua wiki kadhaa, daktari alinionya. Nimenusa mto wa Rukia.

Jumapili, 23 Juni
Nimepiga simu Malindi.
"Mama, ushapona?"
Nikamuuliza anacheza na nani. Akanieleza habari za paka wa nyanyake. Jioni sikumeza dawa. Ya nini?

Jumanne, 25 Juni
Balaa. Nimefika kwenye mabasi ya Malindi miguu mitupu, nikamchukue. Baba Rukia amenirudisha. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Zuhura ameahidi kuja kila siku baada ya Magharibi, akae nami mpaka nimeze.

Jumamosi, 13 Julai
Nimeshona sare mbili za wateja bila kuinuka kuchungulia dirishani. Nimegundua baadaye. Daktari amenifundisha kujiuliza: limetokea, au nadhani litatokea? Hamu ya mwanangu haijapungua hata kidogo. Nilimuuliza daktari kama kidonge kitaiondoa. Hapana, amesema, huo si ugonjwa. Nimefurahi.

Jumapili, 4 Agosti
Rukia alirudi jana. Amerefuka. Jino limeng'oka, nami sikuwepo. Asubuhi ameomba kwenda kununua mahamri peke yake. Moyo ulinienda mbio. Nikamwambia nenda. Nilisikia kandambili zake zikishuka ngazi, kisha sikuzisikia tena. Nikaendelea kukuna nazi.