Samaki Wangu Walikuwa Bubu

Jumatano. Mawingu ya asubuhi yamepita bila kuacha hata tone, na tangu saa tano jua la Tabora linachoma kama limetumwa. Nimekaa barazani kwetu Itetemia, suruali ina tope hadi magotini, na nina jambo la kuungama.

Sijui kuogelea.

Ndiyo, mimi niliyetengeneza programu ya simu ya kutambua samaki chini ya maji. Unaipa video, inakuambia huyu ni samaki gani na wako wangapi. Picha zote nilizoifundishia nilipewa na wazamiaji wa Kigoma, kwenye maji ya Ziwa Tanganyika yanayoonyesha hadi mchanga wa chini. Mimi nilizitazama hapa hapa nyumbani, nikinywa kahawa ya bibi.

Ungamo lenyewe ni hili: nilimwambia Masanja, "Iko tayari."

Masanja ni mtafiti wa uvuvi. Keshokutwa timu yake ilikuwa ianze kuhesabu samaki wa bwawa lililo nje kidogo ya mji, kwa kutumia programu yangu. Hesabu hiyo ndiyo ingeamua kama bwawa lifungwe kwa wavuvi msimu mzima. Na mimi sikuwa nimewahi kuijaribu kwenye maji yetu. Nilijua nilipaswa. Niliogopa jibu.

Leo asubuhi nikaenda.

Nilifunga kamera ndogo isiyoingia maji, yenye waya hadi kwenye simu, kwenye ncha ya ufito, nikaizamisha penye majani. Maji ya pale yana rangi ya chai ya maziwa. Programu ikafikiri kidogo, ikasema: kuhe. Nikafurahi kwa sekunde mbili. Kuhe ni samaki wa Ziwa Tanganyika, huku kwetu hajawahi kukanyaga. Nilipopapasa, kumbe kipande cha gunia. Nikajaribu tena na tena. Jani, samaki. Kidole gumba changu mwenyewe, samaki.

Hatua chache kutoka pale, mama mmoja alikuwa akikagua migono yake, vile vikapu vya kunasia samaki. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniambia yeye ni Mama Kulwa, akaja kuchungulia simu. Kwa kujitetea nikamwonyesha video yangu nzuri kuliko zote, ya Kigoma. Aliitazama hadi mwisho, uso wake haukubadilika.

"Mbona samaki wako bubu?"

Nikacheka. Nikamwambia samaki hawasemi, mama. Akanitazama kwa huruma, akatoa kwenye mgono samaki aitwaye gogogo, akamshika kwa ustadi asichomwe na miiba, akamsogeza sikioni kwangu.

Krr. Krr. Krr.

"Unadhani jina alipewa bure?" akasema. "Maji haya hatuoni kitu, mwanangu. Nikiwa kwenye mtumbwi naegemeza sikio kwenye ubao, namsikia kule chini."

Mwili ulinisisimka. Halafu ikaja aibu. Video za wazamiaji zilikuja na sauti. Niliifuta yote kwa mkono wangu, moja baada ya nyingine, ili mafaili yawe mepesi.

Tukazamisha kamera tena, safari hii kwa kusikiliza. Tuligawana visikilizio, kimoja kwake, kimoja kwangu. Maji, majani, maji. Kisha krr, hafifu, kutoka mahali ambapo picha ilikuwa tope tupu. Mama Kulwa alinipiga begani kwa furaha. Kisha akavua kisikilizio.

"Na hicho kisimu ndicho kitakachosema bwawa lina samaki au halina?"

Nilimpigia Masanja pale pale, mbele yake, nikamweleza yote, hadi gunia.

"Ungeniambia mwezi uliopita, Zuwena," akasema. Watahesabu kwa nyavu, kama zamani, na watamwomba Mama Kulwa na wenzake wawe nao. Programu yangu itakaa pembeni mpaka ijifunze kusema "sijui". Akakata bila kuaga.

Iliuma. Bado inauma.

Lakini baada ya saa moja akaniandikia: "Hizo sauti umezihifadhi?"

Nimezihifadhi. Nimeshinda nikizisikiliza, na karibu na mwisho wa rekodi nimekuta kitu kingine. Si krr. Ni mlio mzito, wa polepole, kama mtu anayegonga mlango kwa fundo la kidole, mara tatu, halafu kimya, halafu mara tatu tena. Programu haina jina lake. Nimemtumia Mama Kulwa sauti hiyo kwa simu, nikijua atacheka na kunitajia jina.

Jibu lake limeingia sasa hivi.

"Huyo simjui. Njoo asubuhi tumsikilize."

Nafua suruali na kuianika, ikauke kabla ya asubuhi.