Maneno Niliyomwekea Kashindye

Jumatatu, 2 Mei 1938
Aibu tupu leo! Bwana Shauri, mzungu anayesikiliza kesi zetu, karudisha karatasi yangu imejaa wino mwekundu. Anataka maneno ya shahidi yaandikwe kwa Kiingereza kama alivyoyatamka mwenyewe, yafungwe kwa vile vialama viwili vya juu. Mimi nilivitawanya ovyo, kama anayemwagia kuku mtama. Miaka sita ya ukarani! Bwana Ramniklal, karani mkuu, kanikalisha chini. Kwanza koma, ndipo ufungue, uanze kwa herufi kubwa, nukta ndani, kisha ufunge. Akasema kilichomo ndani si mali yangu, nisikiguse.

Jumatano, 4 Mei
Kesi ya ng'ombe kutoka Magu. Mzee Luhaga kashtakiwa na jirani kwamba kamwibia. Shahidi wake ni mkamwana wake, Kashindye. Anasema alimwona "mzee wa pale kwetu" akitoa ng'ombe wake mwenyewe zizini. Mzee yupi? nikamuuliza. Akainamisha kichwa. Mimi Msukuma, najua — mke hatamki jina la baba mkwe. Lakini kwa Kiingereza kauli yake ilikuwa ndefu, imekaa vibaya. Nikaandika Luhaga, ndani ya vialama. Koma mahali pake, nukta mahali pake. Safi!

Ijumaa, 6 Mei
Bwana kanisifu mbele ya watu wote. Kisha akaniamuru nisome, nitafsiri kwa Kisukuma. Nikasoma. "Nilimwona Luhaga," Kashindye alisema. Mzee akajifunika uso kwa shuka. Kaachiwa huru, akatoka bila kumtazama mkamwana aliyemwokoa. Kashindye akanitazama mimi. Nikajifanya nakunja karatasi.

Jumamosi, 7 Mei
Mumewe, Ngosha, kanifuata hadi nyumbani Igogo. Ukoo wanasema mkewe kawavunjia heshima, arudi kwa baba yake. Yeye anaapa hakulitaja jina. Ngosha kauliza kwa adabu kabisa: Karani Mihayo, alilitaja au hakulitaja? Nikisema kweli, itafika kwa Bwana, na kazi sina tena. Nikajibu kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Akanishukuru! Mwoga mimi. Mwoga!

Jumatatu, 9 Mei
Kashindye yuko barazani pa ofisi tangu asubuhi, mtoto mgongoni, mzigo miguuni. Nimeingia kwa mlango wa nyuma kama mwizi. Ramniklal kaniona, anachonga penseli tu. Sasa hivi Bwana kauliza yule mama anangoja nini. Niende nikamuulize, nimletee jibu lake kwa maandishi, neno kwa neno. Karatasi ninayo. Vialama nimeshafungua, lakini bado sijainuka —