Saa Isiyo na Betri

Kaka yangu mpendwa,

Majirani wanausifu uwanja wetu kwa usafi, nami nacheka tu.

Baba bado anavaa ile saa ya zamani uliyomchagulia. Uzuri wake, kaka! Uso wa saa umekuwa wa rangi ya chai ya maziwa, na mishale ya dhahabu inang'aa vilevile. Mgeni haketi kabla hajaisifu. "Haina betri," Baba humwambia, "inaendeshwa na mtikisiko wa mkono wangu huu."

Mkono wenyewe siku hizi hauinuki, na saa ilianza kusimama. Basi akisinzia mchana naivaa mimi, nafagia uwanja mzima nayo, kisha namvisha tena taratibu. Jana aliitazama inavyotembea, akatabasamu.

"Unaona? Nguvu bado ninazo."

"Naziona, Baba."

Njoo upesi, kaka. Ufagio unaisha.

Dada yako