Mashine ya Farasi Arobaini

Kaka yangu mpenzi,

Huku hatujambo. Goti la Mama limepoa, na yule jogoo wako mkorofi bado anatutawala uani.

Shemeji yako kakuomba umnunulie mashine ya boti ya farasi arobaini, eti hii yake ya kumi na tano haina nguvu. Nguvu za nini, kaka? Boti yenyewe ndogo, na yeye huvuka tu kwenda kwenye mitego yake ya kaa, peke yake. Nikamuuliza fundi boti. Akacheka: "Arobaini? Nyuma itazama, pua itazame mawingu! Labda awe na mtu wa kukaa mbele kila safari."

Nilipomwambia mume wangu, hata hakubisha. "Hilo la mbele halina shida," akasema.

Halina shida vipi? Hapa kuna namna. Jana nimekuta kashonesha mto wa kukalia, wa maua mekundu, kaufunga kwenye benchi la mbele. Na mimi, unanijua, boti sipandi. Natapika hata ikiwa imefungwa kamba.

Basi nunua ya farasi nane. Mwambie dukani zimebaki hizo tu. Nataka ipite polepole mbele ya dirisha langu, nimwone vizuri anayeyakalia hayo maua.

Ni mimi mdogo wako, macho bado ninayo.