Nilimsimulia Baba Mkwe Tamthilia Isiyo Yake

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijaumbuka, maana jambo lenyewe nikilisema kwa watu watacheka, lakini mimi linaninyima raha hata nikiwa kwenye cherehani yangu. Mimi ni fundi, nashonea sare za shule nyumbani, na mimi na mume wangu tunaishi na baba yake, mfanyakazi wa reli aliyestaafu, mtu mpole kabisa, na nyumba ina amani isipokuwa kwa kitu kimoja: televisheni ni moja, na saa kumi na mbili jioni yeye anataka "Nyota ya Saba," ya nahodha wa chombo cha anga kilichopotea njia ya kurudi nyumbani, na mimi nataka "Lango la Ukungu," ya malkia aliyefukuzwa kwenye ufalme wake, ambayo stesheni nyingine inairudia saa ileile. Zote ni za zamani, mtaa mzima hawazijui, ila sisi wachache tunaozipenda tunazipenda kufa. Yeye yangu anaiita mambo ya majini, mimi yake naiita mabati yanayoruka, na kwa kuwa mkubwa ni mkubwa, rimoti hukaa kwake.

Basi mwezi juzi akapasuliwa jicho, na lile jingine lilikuwa limeshafifia, daktari akasema wiki tatu asitazame televisheni. Akaniita chumbani kwake. "Mwanangu, nifanyie hisani. Nitazamie, halafu uje unisimulie. Usinirukie hata kidogo."

"Nimesikia, Baba," nikasema.

Siku mbili nikafanya kwa uaminifu, siku ya tatu rimoti iko mkononi, mzee yuko chumbani, shetani akanipitia, nikamweka malkia wangu. Ilipoisha nikamkuta amekaa kitandani na chai yake ananisubiri, nikaona haya, nikaanza kumsimulia hayohayo niliyoyaona, ila penye malkia nikaweka nahodha, penye farasi chombo, penye uchawi mtambo, na msitu wa ukungu nikaugeuza wingu la vumbi. Nilijua atanishika palepale. Wapi! Alipiga paja akasema, "Hii ni tamu kuliko zote!" Nikaendelea hivyo hadi wiki ya tatu, mshauri, wala sikupata taabu, maana kila alipopita malkia nahodha alienea, kama suruali ya pacha.

Siku ya mwisho roho ikanisuta, nikatazama ya kwake. Nahodha kavaa koti refu, na mimi macho yangu ni ya fundi: kola imegeuzwa, kwapani kuna kiraka kilichoshonwa kwa mkono. Ni joho la malkia wangu, kiraka chake nakijua, limekatwa na kupunguzwa! Majina yalipopita mwishoni nikasogea mpaka kwenye kioo, na kumbe mshonaji ni yuleyule, na mwandishi ni yuleyule. Nikacheka peke yangu, na tangu hapo naipenda na yake.

Lakini sasa mzee amepona, akaenda kwa kinyozi wanapokutana wastaafu wenzake, wapenzi wa "Nyota ya Saba" kama yeye, akawahadithia jinsi nahodha alivyomwachia mlinzi wa lango jina lake ili apite. Wakamwambia hakuna kitu kama hicho. Mmoja akasema, "Kisu cha jicho kimegusa na akili." Tangu siku hiyo haendi tena, ndevu zimemjaa, na mume wangu anasema ninyamaze, yatapita. Je, nikiri? Na kwani nilidanganya, ikiwa hadithi zenyewe ni moja?

Fundi Asiyelala

JIBU

Fundi, nimecheka, halafu nimenuna.

Kufanana kwa tamthilia hizo si ajabu, mwandishi akiwa mmoja. Hata waandishi tofauti wamelelewa na ngano zilezile: msafiri aliyepotea, lango lenye mlinzi, mlinzi anayetaka ujira. Mmoja humpa shujaa wake upanga, mwingine humpa taa za chombo. Wanaazimana, wanarithishana, wanahama na mawazo yao kama wewe unavyohama na vipimo vyako. Umeliona hilo kwenye kiraka cha kwapani, na nakupongeza, wengi wanatazama miaka kumi hawaoni.

Lakini usijifiche kwenye joho la malkia. Mteja akikuagiza sare ya mwanawe, ukampa ya mtoto wa jirani kwa kuwa vimo vinalingana, utamwambia nini? Mzee alikuomba kitu kimoja, na hakuwa na macho ya kukukagua. Mumeo anasema yatapita. Yatapita wapi, na ndevu zinaelekea kifuani?

Mwambie leo. Kaa chini, useme, usianze na habari za koti, na usitie "lakini" hata moja. Akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake. Kisha uende kwa kinyozi kwa miguu yako. Aliaibishwa mbele ya watu, na asafishwe mbele ya watu haohao. Rimoti iwe ya zamu, leo yeye, kesho wewe, na kila mmoja akae atazame ya mwenzake bila kusonya.

Mshauri wako

Wiki tatu baadaye fundi alituandikia barua nyingine, na kwa ruhusa yake tunaichapa:

Mshauri, nilimwambia. Siku mbili hakuitikia salamu yangu. Siku ya tatu akasimama mlangoni amevaa viatu, akasema, "Twende, basi."

Kwa kinyozi walikuwa watano. Nikasema yote, kwamba mzee hakukosea neno, aliyechanganya ni mimi. Yule aliyemtania alikuwa kitini, kichwa kimenyolewa nusu. Akamshika mkono kinyozi asiendelee, akamwambia baba mkwe, "Nisamehe, ndugu yangu." Halafu akanigeukia. "Ila huyo aliyeacha jina langoni, alirudishiwa?"

Nilifungua mdomo kumjibu, baba mkwe akainua mkono. Akavuta kiti, akakifuta vumbi kwa leso yake, akanionyesha nikae.

"Mwache aanze mwanzo," akawaambia. "Na safari hii, mwanangu, ni malkia."